Kibofu Kilicholala Hakisikii Fimbo

"Mwanangu, miaka mitatu na nusu huyo. Bado unamfunga winda?"

Aliyeniuliza ni bi mkubwa wa nyumba ya pili, mtu ninayemheshimu, aliyenipikia uji nilipojifungua. Macho yake yalikuwa kwenye kamba yangu ya nguo, ambako chupi tatu nene za kulalia za mwanangu zilikuwa zikipigwa jua. Mchana mtoto huyu havai kitu cha namna hiyo. Anasema "nataka kukojoa", anakimbilia poti, na suruali anaishusha mwenyewe. Usiku hali ni nyingine: akilala amelala, na mkojo unajitokea wenyewe. Bi mkubwa hakungoja jibu langu. Aliniambia nimvue, nimlaze hivyo hivyo juu ya godoro, akilowa mara tatu atashika adabu. Asiposhika, fimbo ipo. Akamalizia kwa methali ambayo hapa Tanga kila mzazi amewahi kuambiwa: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Namjibu kwa maandishi kwa sababu hayuko peke yake. Wazazi wengi, walezi wengi na hata walimu wa chekechea wanaamini kwamba mtoto aliyekwisha kujua choo mchana na bado anakojoa usiku ni mvivu au amedekezwa, na kwamba nguo ya kunyonya mkojo ndiyo inayomdekeza. Wamekosea. Na kosa lao halimalizikii mdomoni, kwani watoto wanalilipa kwa migongo yao, kwa kiu na kwa aibu.

Tuanze na mwili, maana ndiko ubishi huu unakokatikia. Kujizuia mchana ni jambo la kujifunza: mtoto anahisi kibofu kimejaa, anakumbuka alichoambiwa, anajibana, anakimbia. Usiku hakuna wa kuhisi wala wa kukumbuka. Ili apite usiku akiwa mkavu, mambo matatu sharti yakomae mwilini mwake. La kwanza ni kibofu kupata nafasi. Madaktari wana hesabu nyepesi: chukua umri wa mtoto, ongeza moja, zidisha kwa 30, utapata makadirio ya mililita ambazo kibofu chake kinaweza kubeba. Mtoto wa miaka 3 ni mililita 120, haifiki nusu glasi. La pili ni homoni iitwayo vasopresini, ambayo ubongo huitoa kwa wingi zaidi usiku. Hiyo huziagiza figo zirudishe maji mwilini na kutengeneza mkojo mchache, mzito. Kwa watoto wengi utaratibu huo huchelewa kukaa sawa, kwa hiyo figo zinaendelea na kazi usiku kana kwamba bado ni adhuhuri. La tatu ni usingizi wenyewe. Kibofu kikijaa hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo wa mtoto mdogo aliyezama usingizini bado haujazoea kuipokea.

Katika hayo matatu, ni lipi linalofundishika kwa fimbo?

Ndiyo maana utabibu hauhesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Hata katika umri huo, takriban watoto 15 kati ya kila 100 bado wanalowa. Wakifika miaka 10 wamebaki kama 5, na wengi wa waliopona hawakupewa dawa yoyote, walikua tu. Tena jambo hili hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni mwake, uwezekano wa mtoto wake kumfuata ni zaidi ya 40 kwa 100. Wakiwa wazazi wote wawili, unapita 70 kwa 100. Baba anayemchapa mwanawe kwa kulowesha shuka aende kwanza kwa mama yake mzazi, amuulize kwa upole yeye aliacha lini. Huenda akarudi akiwa ameitupa fimbo.

Sasa methali. Mchelea mwana kulia ni methali ya kweli, na mimi mwenyewe huishika mwanangu anapokataa dawa au anapolilia pipi kabla ya chakula. Inahusu nia ya mtoto: anataka jambo baya, mzazi anamwogopa, kesho wote wawili wanajuta. Samaki mkunje angali mbichi nayo inahusu tabia. Lakini mtoto aliyelala hana nia. Hakuchagua kukojoa, hakukaidi, wala hakujua mpaka alipoamka na baridi mgongoni. Kumtwisha methali za tabia mtoto ambaye figo zake hazijakomaa ni kuzipotosha methali zenyewe. Hakuna aliyewahi kumchapa mtoto ili meno yaote upesi.

Watanijibu: mbona wazee wetu waliweza? Hili ni swali zito, na wanaouliza wana ushahidi mzito kuliko wanavyojua. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Waliandika kwamba mama wa Kidigo huanza kumzoeza mtoto haja katika wiki za mwanzo kabisa za maisha yake, na kwamba kufikia miezi 5 au 6 mtoto huwa mkavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku. Bibi yangu mzaa mama ni Mdigo wa Mkinga. Habari hiyo isingemshangaza hata kidogo.

Lakini tazama namna ilivyofanyika. Mama anakaa chini amenyoosha miguu, mtoto amemweka katikati ya miguu yake, anamtolea mlio wa "shuuu". Mtoto akikojoa anafurahiwa, anakumbatiwa, ananyonyeshwa. Usiku amelala ubavuni mwa mama. Akianza kujinyonganyonga mama anaamka, anamkojoza, wanalala tena. Mtoto yule wa miezi 6 hakuwa akizuia mkojo mpaka asubuhi. Mama alikuwa masikio yake. Fimbo haikuwa na nafasi katika malezi hayo, na isingewezekana kuwa nayo, maana mwanafunzi alikuwa hajaanza hata kukaa vizuri.

Anayetaka kurudi kwenye njia hiyo namuunga mkono kwa moyo wote. Aanze mtoto akiwa na wiki tatu, alale naye, aamke naye kila anapotikisika, na mume na jamaa wambebee kazi nyingine ili aweze. Lakini mtu anayemwacha mtoto na pampasi mchana kutwa hadi miaka miwili na nusu, akamhamishia chumba cha ndugu zake, kisha akamdai kwa fimbo ukavu wa mtoto wa Kidigo, anataka kuvuna shamba la wazee bila kulilima.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosifu zamani hulisahau: zamani tulilalia nini? Mtoto alilala juu ya mkeka wa ukindu, au kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka. Mkojo ulipita, ukashuka kwenye sakafu ya udongo. Asubuhi mkeka ukasuuzwa, ukaegemezwa ukutani, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umekauka. Leo mtoto analala juu ya godoro la sponji. Godoro hunywa mkojo mpaka kiini chake, halifuliki, na msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, linaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Kwa hiyo kosa lile lile la mtoto, ambalo kwa bibi lilikuwa la kumwaga maji juu ya mkeka, kwetu limekuwa la kuharibu mali. Hasira yetu imetoka dukani pamoja na godoro. Wazee hawakuwa na watoto wenye vibofu vikubwa kuliko wetu. Walikuwa na vitanda vilivyosamehe.

Lugha nayo tuiangalie. Mtoto wa namna hii tunamwita kikojozi. Neno hilo tumeliweka kwenye umbo la ki-, pamoja na kipofu, kiziwi na kiwete, kana kwamba mkojo wa usiku ni ulemavu wa kudumu ulioingia kwenye nafsi yake. Jina likishakukaa, hata ukikauka halikauki. Nasema hivi kwa sababu niliishi nalo nyumba moja. Kaka yangu ninayemfuata kuzaliwa alilowa mpaka karibu miaka 9. Kila asubuhi alibeba godoro lake kichwani kupita mbele ya baraza, sisi wadogo tukiwa nyuma yake tunaimba. Jioni alinyimwa maji. Safari moja alifungiwa chura kiunoni, kwa kuwa mtu fulani alisema chura akilia usiku mtoto huamka na haja huisha. Hakuamka. Alichojifunza ni kulala juu ya sakafu kwa siri, bila shuka, ili asiharibu kitu. Nilimkuta alfajiri moja amejikunja chini ya dirisha, na mpaka leo sijaisahau sura ile. Mimi pia niliimba, na hilo ni deni langu.

Kwa hiyo mtu akiniambia nepi ya usiku inamdekeza mtoto, namuuliza: inamdekeza kwa kumpa nini? Inampa usingizi usiokatika saa tisa usiku kwa baridi. Inampa asubuhi ambayo hakuna anayemuuliza kwa ukali. Kwa sisi tunaoswali, inatupa pia shuka na chumba visivyo na najisi, na mama anaamka alfajiri akatawadha na kuswali bila kuanza kwanza na beseni na dumu la maji. Hizo ni haki ndogo za kila siku za watu wa nyumba moja. Sioni deko lililomo.

Hoja yao iliyo bora ni hii: mtoto asipohisi kulowa hatajifunza, kwa hiyo nepi inamchelewesha. Inafanana na akili, na mchana ina ukweli ndani yake. Mtoto anayezoezwa poti husaidiwa na chupi ya pamba inayomfanya ahisi unyevu. Usiku hoja hiyo inafika baada ya tukio. Unyevu anauhisi mkojo ukiwa umekwisha kutoka, na akiamka kwenye dimbwi anajifunza kwamba anasikia baridi, basi. Hata hivyo siwezi kusema nepi ivaliwe bila kuangaliwa. Mtoto akianza kuamka mkavu asubuhi kadhaa mfululizo, mwili wake umesema uko tayari, hapo ivuliwe. Hata kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye mchana amekwisha kuwa mkavu, mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2010 unashauri wazazi wajaribu usiku mbili au zaidi bila nepi, waone. Usiku ukiwa mkavu, endelea. Ukiwa wa mafuriko, mrudishie nepi yake bila neno la lawama, na ujaribu tena baada ya miezi michache. Mwongozo huo huo unakataza adhabu, na unaonya kwamba kumbeba mtoto akiwa usingizini na kumkojoza hulinda shuka la usiku ule tu; hakumfundishi ukavu wa kudumu.

Na kumnyima maji? Huo ni ukatili uliovaa nguo ya busara, hasa katika joto la pwani. Mtoto anayeshinda na kiu hupata mkojo mkali unaowasha kibofu, na hupata choo kigumu; choo kigumu nacho hukikandamiza kibofu na kuzidisha kulowa. Mpe maji ya kutosha asubuhi na mchana, upunguze tu saa ya mwisho kabla ya kulala. Kama kuna cha kumnyima jioni, mnyime ile chai ya rangi ya kuchovyea mkate. Chai na soda ya kola zina kafeini, na kafeini huongeza mkojo.

Wapo pia wanaowatisha akina mama wa watoto wa kiume kwamba pampasi huua nguvu za kiume. Maneno haya yana mzizi. Mwaka 2000 watafiti wa Kiel, Ujerumani, walipima joto la korodani za watoto wadogo 48 na kuona kwamba ndani ya nepi ya plastiki joto lilipanda kuliko ndani ya nepi ya pamba. Walipima joto. Hawakuwafuata watoto hao hadi utu uzima kuona nani amezaa na nani hakuzaa. Kuchukua kipimo cha joto na kukifanya hukumu ya ugumba ni kusema uongo kwa kutumia kitabu cha daktari. Ukipenda tahadhari, tumia pamba, na iwe usiku peke yake. Usimlaze mtoto kwenye maji kwa sababu ya uvumi.

Basi tukikubaliana kwamba nguo yenyewe si dhambi, inabaki kazi ya kuichagua, na hapa nagombana na kundi la pili. Hawa hawana fimbo, lakini wananunua kwa kuangalia umri ulioandikwa, unene wa pakiti, au saizi kubwa "atakua nayo". Kisha ikivuja wanasema nepi zote ni bure, na wanarudi kwa wenye fimbo.

Anza na hesabu. Mtoto wa miaka 3 anabeba mililita 120 kwa mara moja, na usiku mmoja anaweza kukojoa mara mbili. Nguo ya usiku inayomfaa lazima imeze glasi nzima, yaani mililita 250 hivi, na isirudishe. Hilo unaweza kulipima nyumbani. Chukua glasi ya maji, tia chumvi theluthi ya kijiko cha chai, koroga. Chumvi ni muhimu. Ule unga mweupe ulio ndani ya pampasi, ambao ukilowa hugeuka kama uji mzito, humeza maji matupu mara mamia ya uzito wake, lakini mkojo una chumvi, na kwa maji ya chumvi nguvu yake hushuka hadi kama mara thelathini. Anayekuonyesha dukani kwa maji ya bomba anakuonyesha muujiza ambao kitandani hautatokea. Mimina nusu ya glasi, ngoja dakika chache, mimina iliyobaki, kisha weka khanga kavu juu yake na uikandamize kwa kiganja kwa nguvu. Khanga ikitoka na unyevu kidogo, umepata nguo. Ikitoka imelowa, mwachie mwenye duka.

Mkandamizo huo ndio siri ya nguo za kufua. Mtoto hulala juu ya nepi yake. Uzito wa mwili huikamua. Kitambaa laini cha sintetiki chenye vinyweleo kama taulo hunywa upesi sana, na kikibanwa hutema upesi vile vile. Pamba hunywa polepole na kushika. Kwa hiyo panga tabaka: juu kinachonywa upesi, chini yake pamba nzito iliyokunjwa mara kadhaa, nje kabisa kitambaa kisichopitisha maji. Pamba mpya usiihukumu siku ya kwanza, kwa kuwa ina mafuta yake ya asili na mpaka ifuliwe mara kadhaa haijaanza kunywa sawasawa. Na usitumie ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato. Inauvika uzi utando, na nguo iliyokuwa ikinywa inaanza kuyakataa maji.

Kisha angalia mtoto mwenyewe. Mvulana hulowesha mbele. Tabaka zikunjwe zizidi mbele, na wakati wa kumvalisha dhakari ielekezwe chini, la sivyo mkojo hupanda kiunoni hata nguo ikiwa nzuri namna gani. Msichana akilala chali hulowesha katikati na nyuma. Mtoto anayelala kifudifudi, awe wa kike au wa kiume, anahitaji nguvu mbele. Hii haiandikwi kwenye pakiti; unaijua wewe uliyemtazama akilala.

Saizi ifuate kilo. Umri haupimi mapaja. Watoto wawili wa miaka 3 wanaweza kupishana kilo tano, na nguo kubwa hailindi zaidi: inaacha mwanya kwenye paja, na mwanya ndio mlango wa mkojo. Ndogo nayo hubana tumbo na kuchora ngozi. Ingiza vidole viwili kiunoni. Vipite bila kusukuma. Pitisha kidole kuzunguka paja uhakikishe ukingo umelala vizuri wala haujakunjika kwa ndani. Halafu achuchumae, akimbie hadi mlangoni na kurudi. Ikishuka, ni kubwa. Na mtoto wa umri huu apewe nguo ya kuvuta kama chupi, asilazwe chali na kufungwa vibandiko kama mtoto mchanga. Aivae mwenyewe baada ya kwenda poti, aivue mwenyewe asubuhi. Heshima ya mtoto huanzia katika mambo anayoruhusiwa kujifanyia.

Kuhusu kufua kwa mazingira yetu, nina neno la mkazo. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kuachwa chini, na harufu ya mkojo humvuta. Funza wake huingia kwenye ngozi ya anayevaa. Tumezoea kumzuia kwa pasi. Lakini kitambaa kisichopitisha maji kikipigwa pasi au kuchemshwa huharibika na kuanza kuvuja. Kwa hiyo tenganisha: tabaka za pamba zipigwe pasi, la nje lianikwe juani kabisa, juu kwenye kamba, mpaka likauke kau. Ngozi ya mtoto ioshwe kwa maji kila asubuhi, ikaushwe, ipakwe mafuta ya mgando. Chini ya shuka tandika mpira. Nepi ni ukuta wa kwanza, mpira ni wa pili, na mama mwenye kuta mbili hulala.

Najua si kila nyumba ina maji ya kufua. Kuna mama anayenunua dumu, anayetoka alfajiri kwenda sokoni, anayenunua pampasi moja moja dukani kwa sababu pakiti nzima haimudu. Sitamhukumu. Namwomba afanye hesabu nami: moja kila usiku ni 365 kwa mwaka, na miaka miwili ni 730. Chupi sita za kufua zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na zikabaki kwa mdogo wake. Fedha ya kuanzia ndiyo ngumu. Hapo kuna kazi ya vikoba vyetu vya kuweka na kukopa, na fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kushona tabaka za pamba kutoka kwenye taulo kuukuu na khanga zilizochakaa. Anayetumia ya kutupa aifunge na kuipeleka jalalani. Akiitupa kwenye choo cha shimo inalijaza shimo na kuwashinda wanaokuja kulinyonya. Akiitupa mferejini inazuia maji ya mvua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini nepi, yenye plastiki ndani na nje, imebaki halali na imebaki nyingi. Tunaotetea nguo ya usiku tuna wajibu wa kwanza wa kuchagua ile isiyochafua mtaa wa mtoto tunayemlinda.

Na yapo mambo ambayo nepi haipaswi kuyafunika. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza ghafla kulowa. Mtoto mwenye kiu isiyokatika huku anakonda. Anayelia akikojoa, au mwenye homa. Mwenye choo kigumu siku nyingi. Anayekoroma na kuhema kwa mdomo kwa sababu ya nyama za pua: hao wapelekwe hospitali, tena mwenye kiu na kukonda apelekwe leo, kwa kuwa huenda ni kisukari. Wenye fimbo ndio wanaochelewa kuyaona haya. Wanapoona uvivu, hawatafuti ugonjwa.

Bi mkubwa nilimweleza sehemu ya haya palepale kwenye kamba. Hakukubali yote. Alizishika zile chupi, akazigeuza, akasema pamba hii nzuri, kisha akaenda zake. Nitaendelea kumwambia.

Lakini Ramadhani iliyopita kaka yangu, yule wa godoro, alikuja kufuturu nyumbani kwangu na binti yake wa miaka 4. Baada ya tarawehe alibaki nyuma akaniuliza zile nguo za usiku za mtoto nanunua wapi. Hakuuliza kama zinadekeza. Aliishika moja mkononi, akaikunja, akauliza inabeba glasi ngapi. Nikaenda jikoni kuleta maji na chumvi, tukaketi sakafuni sisi wawili tukaipima.